Orodha ya Matamanio: Gemu za Kale, Vibanda vya Tanga na Swali la Mwenye Kumbukumbu

Mwezi Novemba 2016 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine ndogo ya gemu inayoenea kiganjani, yenye sura ileile ya mashine yake ya miaka ya 1980, na ndani yake michezo 30 ya kale. Iliadimika madukani mara tu ilipotolewa. Mwaka uliofuata akafuata mdogo wake, Super Nintendo, akiwa na michezo 21, na miongoni mwake Star Fox 2, mchezo uliokamilishwa katika miaka ya 1990 ukafungiwa kabatini bila kuuzwa. Tarehe 3 Desemba 2018 Sony ikatoa PlayStation Classic yenye michezo 20. Mwaka 2019 Sega nao wakaja na yao yenye michezo 42. Kabla ya kila mashine, wapenzi wa gemu waliandika orodha za matamanio yao: mchezo upi urudi, upi usisahaulike, upi ukikosekana mashine haifai kununuliwa. Na kila uvumi wa mashine nyingine ya aina hiyo unapozuka, orodha huandikwa upya.

Msomaji ana haki ya kuuliza: haya yanamhusu nini mwanafunzi wa historia, mwanaharakati, au mtumishi wa umma aliyeko Tanga, Muheza au Pangani? Naamini yanamhusu, tena kwa karibu. Orodha ya matamanio ni waraka wa kihistoria kama ulivyo waraka mwingine wowote. Inatueleza nani alikuwa na kitu hapo zamani, nani anakimiliki leo, na sauti ya nani inahesabiwa pale inapoamuliwa kipi kirudishwe. Katika makala haya nitaisoma orodha hiyo nikiwa nimesimama pwani ya kaskazini ya Tanzania, mahali ambapo hakuna aliyetumwa kuja kuuliza.

Nchi iliyokuwa haina kioo

Gemu ya video inahitaji kioo cha televisheni, na kioo nchini mwetu kina historia ya kisiasa. Kenya ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962. Zanzibar ilipata televisheni yake, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote hadi mwaka 1994. Haikuwa bahati mbaya. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba katika nchi ya wakulima chombo cha ukombozi ni redio, ambayo inafika kijijini kwa betri chache, na kwamba televisheni ni anasa ya wachache wa mijini. Uagizaji wa seti ukazuiliwa. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo, lakini hawezi kusema ulikosa hoja.

Tazama sasa mahali alipokuwa mkazi wa Tanga. Kaskazini yake, ukivuka Horohoro na Lungalunga, ilikuwapo Kenya yenye televisheni. Mashariki yake, ng'ambo ya mkondo wa bahari, ilikuwapo Pemba, sehemu ya Zanzibar yenye televisheni. Yeye alikuwa katikati, katika nchi isiyo na kituo. Mpaka ule haukuchorwa kwa rangi ardhini, bali kila jioni ulionekana sebuleni.

Mwaka 1983 Nintendo walianza kuuza nchini Japani mashine iliyokuja kuwa mama wa gemu za nyumbani. Mwaka huohuo, hapa kwetu, ndio uliokuwa mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vilikuwa bidhaa za foleni, na aliyekuwa na vitu vya ng'ambo alivificha. Bajeti ya mwaka 1984 ikalegeza kamba, ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana. Hapo ndipo mashine za video na seti za televisheni zilipoanza kuonekana kwa wingi kuliko awali, nyingine kupitia bandari rasmi, nyingine kupitia zile njia za panya ambazo pwani ya Mkinga na Pangani inazifahamu tangu enzi za majahazi.

Lakini Tanga iliyopokea vitu hivyo haikuwa tena Tanga ya utajiri. Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa umeujenga mji, reli na bandari. Katika miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa zao hilo. Kisha zikaja nyuzi za viwandani, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa na mengi yakadhoofika. Kwa hiyo gemu zilipofika zilikuta mji wenye vijana wengi na mishahara michache. Jambo hili ndilo lililoamua namna zitakavyochezwa.

Mambo matatu ya mwaka 1994

Mwaka 1994 una mambo matatu ambayo ni nadra kuwekwa pamoja. Kwanza, televisheni binafsi zilianza Tanzania Bara, ITV ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Pili, mwezi Desemba, Sony walianza kuuza PlayStation nchini Japani. Tatu, mwezi Julai, Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne unaolinda kazi za sanaa na maandishi kimataifa. Kioo kikaingia sebuleni, mashine ya kuchezea ikazaliwa, na sheria ya kumlinda mwenye mashine ikatiwa saini, vyote katika mwaka mmoja. Historia ya gemu pwani ni historia ya jinsi mambo hayo matatu yalivyokwenda kwa kasi tofauti: kioo kilikimbia, mashine ikakifuata, sheria ikaja nyuma ikitembea.

Mashine za kwanza kuzoeleka hazikuwa za Nintendo wenyewe. Zilikuwa za kuiga, zilizotengenezwa Taiwani na China na kusambazwa katika masoko ambayo kampuni kubwa hazikuyajali. Urusi waliziita Dendy, Poland, Pegasus, Afrika Kusini walizijua kwa jina la Golden China. Nyingi zilikuja na kaseti moja inayodai kuwa na mamia au maelfu ya michezo, na ukiichunguza unakuta ni michezo michache inayojirudia kwa majina tofauti. Ndimo walimokuwamo Mario, askari wawili wa Contra, vifaru vya Battle City na bata wa kupigwa kwa bastola ya plastiki.

Kisha ikaja PlayStation na, baada ya mwaka 2000, PlayStation 2, iliyouzwa duniani zaidi ya seti milioni 150. Hiyo ndiyo iliyojenga taasisi ninayotaka msomaji aitazame kwa makini: kibanda cha gemu. Televisheni moja au mbili, benchi, pedi zilizofungwa kwa utepe zisifumuke, na sarafu mkononi mwa mwenye kibanda. Mashine ilikuwa imechezewa ili isome diski za kunakili, maana diski halisi ingemaliza faida ya mwezi. Anayefungwa anapisha, anayeshinda anabaki. Ni kanuni ileile ya baraza la bao na ya meza ya draft, imehamishiwa mbele ya kioo.

Hapa ndipo tofauti ya msingi ilipo. Anayeandika orodha ya matamanio huko Marekani au Uingereza anakumbuka kitu alichokuwa nacho: zawadi ya Krismasi, chumba chake, kaseti yenye jina lake nyuma. Kijana wa Ngamiani au Makorora anakumbuka kitu alichokipangia foleni. Kumbukumbu ya kwanza ni ya mali. Ya pili ni ya zamu. Mashine ndogo ya kisasa yenye michezo ya kale imeundwa kuirudisha ile ya kwanza. Hakuna kiwanda kinachoweza kuirudisha ya pili, kwa sababu sehemu kubwa yake haikuwamo ndani ya mashine. Ilikuwa katika kelele za waliosimama nyuma ya benchi.

Tuwe wakweli pia kuhusu waliokosekana katika kelele hizo. Kibanda kilikuwa mahali pa wavulana. Wasichana wengi waliipita gemu njiani wakitumwa dukani au kisimani. Malalamiko ya walimu na wazazi juu ya watoro nayo yalikuwa ya haki. Kumbukumbu yoyote tamu ya vibanda inayoyaacha haya ni nusu ya historia.

Kilichorudishwa na kilichoachwa

Tuisome sasa orodha iliyotoka kiwandani. Michezo 30 ya Nintendo ya mwaka 2016 inawafaa watu wa pwani kwa sehemu: Mario yumo, Donkey Kong yumo, Pac-Man yumo. Lakini Contra ya kwanza haimo. Aliyemo ni mrithi wake, Super C. Battle City, mchezo wa vifaru uliotengenezwa na Namco mwaka 1985, haumo. Bata hawamo, na sababu yake ni ya kiufundi: bastola ile ilitegemea namna televisheni ya zamani yenye tumbo ilivyochora picha, na haifanyi kazi mbele ya kioo bapa cha leo.

Orodha ya Sony ya mwaka 2018 inasema zaidi. Tekken 3 imo, na kwa hilo vijana wengi wa zamani wa Afrika Mashariki wangeshukuru. Lakini katika michezo yote 20 hakuna hata mmoja wa mpira wa miguu. Mtu yeyote aliyewahi kuketi katika kibanda cha gemu, iwe Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, atajua uzito wa jambo hilo. Kibanda kiliishi kwa mpira. Winning Eleven ya Konami na FIFA ya Electronic Arts ndizo zilizokuwa zikilipa pango na umeme. Kuikumbuka PlayStation bila mpira ni kuukumbuka Mwezi Mtukufu bila futari.

Kwa nini mpira uachwe? Sony hawakutoa maelezo mchezo kwa mchezo, lakini utaratibu wa haki unajulikana. Mchezo wa mpira umejaa vitu vya kukodi: majina na sura za wachezaji, nembo za vilabu, jina la shirikisho, nyimbo za mwanzoni. Kila kimoja kina mkataba wake na kila mkataba una mwisho wake. Muda ukiisha, mtengenezaji mwenyewe hana ruhusa ya kuuza upya alichokitengeneza bila kuanza mazungumzo mapya na kila mwenye haki. Hata jina FIFA lilifikia mwisho huo: toleo lililotoka mwaka 2022 lilikuwa la mwisho kulibeba, na mchezo ukaendelea kwa jina jingine. Mchezo uliopendwa na wengi zaidi ndio mgumu zaidi kurudishwa, kwa kuwa ndani yake wamo wenye haki wengi zaidi.

Si tatizo la mchezo mmoja. Mwaka 2023 utafiti wa Video Game History Foundation ya Marekani ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za kale zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena kwa njia halali sokoni. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo katika nchi yenye makumbusho, mawakili na wapenzi wenye fedha, tufikirie hali ya kumbukumbu ambayo tangu mwanzo ilikuwa ya kunakili na haikuandikwa popote. Kuna ukweli usiopendeza ambao mwanahistoria hana budi kuusema: nakala zile zilizoitwa za wizi ndizo zilizowafikishia watu wa pwani sehemu ya utamaduni wa dunia wa wakati wao, maana soko halali halikuwahi kuwafuata. Kusema hivi si kuuhalalisha wizi. Ni kusema kwamba asiyekuwa mteja halali hapo zamani haulizwi leo anatamani nini.

Tulikuwa na orodha zetu

Isidhaniwe kwamba pwani ilijifunza kutamani kutoka kwa wengine. Kwa miongo mingi Watanzania waliandika orodha zao kwenye kadi za salamu na kuzituma redioni: mimi fulani wa Korogwe, nawasalimu fulani na fulani, naomba wimbo huu. Matangazo yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 1951 na kuwa Radio Tanzania mwaka 1965 yalipokea maombi ya watu ambao hawakuwa na gramafoni wala santuri, na wala hawakuhitaji kuwa nazo. Kituo kilinunua au kurekodi mara moja, taifa zima likasikiliza. Ombi la mkata mkonge lilikuwa na nafasi ya kusikika kama la karani. Ulikuwa utaratibu wa zamu, si wa mali.

Na Tanga ilikuwa na cha kuomba. Mji huu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mahasimu wa muziki wa dansi. Jamhuri ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, jina linalowakumbusha wafanyakazi waliosafiri kutoka bara kuja mashambani. Humo ndimo walimopita ndugu Wilson na George Peter Kinyonga kabla ya kwenda Arusha, kisha Mombasa, walikoanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Upande wa taarabu, Black Star na Lucky Star zilibadili muziki wa pwani nzima kwa magitaa na sauti ya Shakila Saidi, na santuri zao zikatolewa Mombasa kwa lebo ya Mzuri.

Muziki huo nao umepata mashine yake ndogo ya kale, kwa maana ya mkusanyo uliotolewa upya. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, katika mfululizo wake uitwao Zanzibara, imerudisha sokoni nyimbo za dansi za miaka ya 1960 nchini Tanzania, na baadaye taarabu ya Mombasa na Tanga ya kati ya mwaka 1970 na 1990. Ni kazi ya heshima, na bila hiyo mengi yangekuwa yamepotea. Hata hivyo tujiulize: kwa nini sauti ya Ngamiani ipitie Paris ndipo imfikie mwanafunzi wa Chumbageni? Waliochagua walichagua vizuri, lakini walichagua wao. Orodha ya mzee aliyecheza dansi hizo haikuombwa na taasisi yoyote ya kwetu.

Jambo moja linasaidia kufikiri: bao. Mashimo 32, kete 64, kanuni ambazo wazee wa pwani wanazijua kwa kichwa. Bao halina mwenye haki. Seremala wa Pangani hahitaji barua ya kampuni ili achonge jingine, na asiye na ubao huchimba mashimo mchangani. Hakuna anayeandika orodha ya kuomba bao lirudishwe, kwa kuwa hakuna aliyelifungia. Halikubaki hai kwa sababu ni la asili. Limebaki hai kwa sababu kulirudia hakuhitaji ruhusa, na kulifundisha ni wajibu wa barazani. Gemu ya video ni kinyume chake. Ni mchezo wa kwanza katika historia ya pwani ambao unaweza kutoweka kabisa kwa sababu mkataba umekwisha ofisini kwa watu wengine.

La kufanya

Sipendekezi kwamba Serikali itengeneze mashine ya gemu. Napendekeza mambo madogo zaidi, na yanayowezekana.

Wanafunzi wa historia na sosholojia wanaotafuta mada za tasnifu waende vibandani kabla waliovimiliki hawajazeeka. Waulize mashine ilitoka wapi, umeme ulilipwaje, nani alizuiwa kuingia, gemu zipi ziliombwa zaidi. Ni historia ya biashara ndogo, ya jinsia, ya forodha na ya ujana katika kipindi cha mageuzi ya uchumi, na inaweza kuandikwa leo kwa daftari na simu ya kurekodia.

Watumishi wa umma wa idara za utamaduni, maktaba na nyaraka watazame upya maana ya kumbukumbu. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, tunayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Ya kwanza inamlinda mwenye kazi, ya pili inahifadhi zaidi karatasi za Serikali. Katikati yake wameachwa wasikilizaji, watazamaji na wachezaji, wale ambao bila wao kazi hizo zisingekuwa na maana. Kanda za redio ya taifa zinastahili kunakiliwa kidijiti na kusikika Tanga kama zinavyosikika Dar es Salaam, na wasanii na warithi wao walipwe. Mambo haya mawili hayapingani.

Wanaharakati nao waache kuichukulia starehe kuwa jambo dogo lisilostahili hoja. Haki ya kukumbuka ni haki ya kiutamaduni. Watu wasiohesabiwa katika orodha ya kilichopendwa, huwa ni walewale wasiohesabiwa katika orodha ya wenye haki ya ardhi, maji na barabara.

Mashine nyingine ndogo itatangazwa, na orodha zitaandikwa tena kwa Kiingereza na Kijapani. Ningependa siku moja niisome iliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu wa Makorora: iwe na Tekken 3, iwe na Winning Eleven, iwe na vifaru, na pembeni yake sahani moja ya Lucky Star. Haitabadili uamuzi wa kiwanda chochote. Lakini itakuwa ushahidi kwamba tulikuwapo, tulicheza, na tulijua tulichokipenda.